Namba ya Bunduki, Jina la Askari

Upande wa kulia wa kitako cha bunduki ya zamani ya jeshi la Waingereza palikuwa na kisahani cha shaba, upana wake kama wa sarafu, kimekazwa kwenye ubao kwa skrubu moja. Juu ya kisahani hicho fundi wa silaha alipiga chapa kwa nyundo: kikosi, mwezi na mwaka ambao bunduki ilitolewa, kisha namba yake katika kikosi. Tuseme kinasomeka 3 K.A.R., chini yake 1·09, na chini kabisa 417. Basi bunduki hiyo ilikuwa ya Batalioni ya Tatu ya King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, ilitolewa Januari 1909, na kwenye ghala ya silaha ilijulikana kwa namba 417. Katika daftari la kampuni, namba hiyo iliandikwa pamoja na jina la mtu. Bunduki ikipotea au ikirudi imevunjika, ofisa alifungua daftari na kumwita mwenyewe.

Kwa mtu anayechunguza habari za askari wa zamani wa pwani, kisahani hiki kina thamani kubwa kuliko bunduki yenyewe. Bunduki zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu na zote zilifanana. Kisahani kinaitoa moja kati ya hizo na kuiweka mkononi mwa mtu mmoja, mahali pamoja, mwaka mmoja.

Ninaandika kutoka Bofa, kaskazini ya hori la Kilifi. Ukivuka hori kuelekea kusini unapita Mnarani, kisha Takaungu. Ukipanda magharibi unaingia Ugiriama, hadi Kaloleni na Kaya Fungo. Kaskazini kuna Malindi na mto Sabaki. Katika eneo hili, ndani ya miaka ishirini, vilipiganwa vita viwili ambavyo watoto wetu wanavisoma kwa aya chache tu: vita vya Mazrui vya 1895 na 1896, na vita vya Wagiriama vya 1914. Kila upande uliacha vyuma ardhini na katika nyumba za watu: mitutu, mitambo, skrubu, singe, maganda ya risasi. Hewa ya chumvi imevila sana, na vingi vimeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vilivyobaki vinasomeka, mradi msomaji ajue pa kutazama.

Bunduki zilitangulia kufika pwani hii kabla ya utawala wa Waingereza. Karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha kila baada ya miaka michache, na zile za zamani, gumegume na magobore, ziliuzwa kwa wafanyabiashara na kupakiwa kwenye meli za Zanzibar. Gobore la Kiingereza mara nyingi lina neno TOWER kwenye bamba la mtambo, pamoja na taji. Neno hilo linataja ghala kuu ya silaha ya Mnara wa London. Lakini viwanda vya Birmingham na vya Liège nchini Ubelgiji viliiga chapa hiyo kwa ajili ya soko la Afrika, kwa hiyo neno TOWER peke yake halithibitishi kwamba bunduki iliwahi kubebwa na askari wa Malkia. Anayesimama hapo na kutangaza kuwa ameokota silaha ya jeshi la Waingereza ameharakisha.

Alama ya kutafuta ni mshale mfupi wa mistari mitatu inayokutana kwenye ncha. Hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na hupigwa kwenye chuma na kwenye ubao pia. Ukiona mishale miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha, ujue serikali iliiuza bunduki hiyo au kuitoa rasmi katika hesabu zake. Tofauti ya mshale mmoja na mishale miwili ni ndogo kwa jicho, lakini kwa historia ya pwani ni kubwa. Bunduki yenye mishale miwili huenda ilinunuliwa kihalali sokoni. Yenye mshale mmoja, ikikutwa mahali ambapo serikali haikuwa na askari, inaleta swali jingine: ilitoka mkononi mwa nani, na kwa njia gani?

Swali hilo linatupeleka Takaungu. Mwanzoni mwa 1895 alifariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu kutoka ukoo wa Mazrui. Waingereza, ambao wakati huo walikuwa bado wanatawala kupitia Imperial British East Africa Company, walimwunga mkono Rashid bin Salim arithi cheo. Wengi katika ukoo walimtaka Mbaruk bin Rashid wa Takaungu, mpwa wa marehemu. Mbaruk huyo, akiwa na nduguye Aziz, alikimbia na wafuasi wake, na vita vikaanza. Wakakimbilia kwa mzee wa jina lile lile, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, ambaye alikuwa ameishi maisha yake karibu yote akipigania haki ya ukoo wake. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani wa Zanzibar, alimfuata mpaka ngome yake ya Mweli. Baadaye Mbaruk alipatana na Kampuni. Wageni wake wa Takaungu walipokuja kuomba hifadhi, hakuwatoa.

Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni iliikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza. Mwezi uliofuata Admirali Rawson alipanda kutoka pwani na mabaharia wa manowari pamoja na askari wa Zanzibar, na tarehe 17 Agosti wakaiteka Mweli. Lakini Mbaruk mwenyewe aliponyoka. Vita viliendelea vya kuvizia na kuchoma miji, hadi serikali ikaleta kikosi cha askari kutoka India mwezi Machi 1896. Aprili mwaka huo Mbaruk alivuka mpaka na watu wake na kujisalimisha kwa Wajerumani.

Vita hivi viliacha alama kwenye medali, na hapa ningependa wasomaji wa Kilifi wawe makini. Mabaharia na askari waliopanda Mweli walipewa medali ya vita vya Afrika Mashariki na Magharibi. Badala ya kuwekewa kibamba cha jina la vita kwenye utepe, medali yao iliandikwa ukingoni: M'wele 1895. Ukingo huo huo ndipo palipoandikwa jina la mwenye medali. Medali za namna hii zinauzwa minadani Uingereza kwa bei kubwa. Jina la mlima wa pwani yetu limezunguka dunia likiwa limechongwa kwenye fedha ya watu waliokuja kuuteka, na walioulinda hawakuandikwa popote ila katika kumbukumbu za nyumba za Gazi na Takaungu.

Miaka kumi na minane baadaye ikawa zamu ya Wagiriama. Mwaka 1912 serikali ilimpeleka Arthur Champion kuwatawala kwa karibu, kukusanya kodi ya nyumba na kupata vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya pwani. Wagiriama walikuwa wakulima wanaojitosheleza. Mahindi yao yalilisha Malindi na Takaungu na kusafirishwa ng'ambo. Hawakuona sababu ya kumwachia mtu mwingine nguvu za vijana wao. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, akishirikiana na mzee Wanje wa Mwadori Kola, aliwakusanya watu Kaya Fungo. Kiapo cha mukushekushe kikaliwa na wanawake, kiapo cha fisi kikaliwa na wanaume: hakuna kumpa Mzungu kodi wala mfanyakazi. Oktoba walikamatwa wote wawili na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurudi kwa miguu.

Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani, serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mapigano yakaanza katikati ya mwezi. Askari wa King's African Rifles, waliohitajika sana kwenye mpaka wa Wajerumani, waliletwa Ugiriama na bunduki zao za risasi za .303. Wagiriama walikuwa na pinde na mishale yenye utsungu, yaani sumu. Nyumba zilichomwa kijiji baada ya kijiji, mbuzi walichukuliwa kwa maelfu. Masharti ya amani yalikuwa mazito: faini ya rupia 100,000, vijana 1,000 wa kwenda kubeba mizigo ya vita, na wote waliokuwa wakiishi kaskazini ya Sabaki wahame na kuacha ardhi ile yenye rutuba.

Kitu kinachosomeka kutoka vita hivi ni ganda la risasi. Geuza ganda la .303 utazame kitako chake. Herufi inataja kiwanda: K ni Kynoch wa Birmingham, R na L zenye mshale katikati ni Royal Laboratory ya Woolwich. Tarakimu za Kirumi zinaonyesha aina ya risasi, VI ya zamani au VII iliyoanza 1910. Tangu mwaka 1907 hivi huandikwa pia mwaka wa kutengenezwa kwa tarakimu mbili. Ganda lenye 12 au 13 likifukuliwa katika vilima vya nyuma ya Kilifi lina uwezekano mkubwa wa kuwa la 1914. Lenye 41 ni la vita vingine kabisa, na hapo mtafiti anapaswa kulitenga hata kama moyo wake unataka kulihusisha na Mekatilili.

Watu wa nyika hawakuhitaji kufundishwa na Mzungu maana ya alama kwenye silaha. Waata, wawindaji wa ndovu wanaoishi jirani na Wagiriama tangu zamani, waliweka alama ya mwenyewe kwenye mshale. Ndovu aliyepigwa kwa mshale wa sumu aliweza kwenda mbali kabla ya kuanguka, na alama ndiyo iliyoamua nani alimpiga na pembe ni za nani. Katika miaka ya 1956 na 1957, askari wa wanyamapori wa Tsavo wakiongozwa na David Sheldrick walipofanya kampeni kubwa dhidi ya uwindaji huo, mishale iliyookotwa ikawa ushahidi dhidi ya wenye nayo. Mtu alikuwa ameandika jina lake kwa namna ya wazee wake, na jina hilo likampeleka kizuizini.

Turudi kwenye Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mwaka 1914 King's African Rifles walikuwa askari wapatao 2,300 tu. Kufikia mwisho wa 1918 walikuwa zaidi ya 35,000, katika batalioni 22. Batalioni za mwanzo ziligawanywa na kuzalisha nyingine, zikaandikwa 1/3, 2/3, 3/3 na kuendelea. Hii ni nuru kwa mchunguzi, kwa sababu alama ya 3 K.A.R. inaweza kuwa ya kabla ya vita, lakini alama ya 2/3 K.A.R. haiwezi kutangulia upanuzi ule.

Silaha zenyewe zilichanganyika vibaya. Wajerumani walianza vita wakiwa na makampuni mengi yanayotumia bunduki za 1871, zinazotoa wingu la moshi kila zikipigwa. Aprili 1915 meli ya Rubens ilipenya hadi ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki za kisasa. Manowari ya Hyacinth iliishambulia na kuichoma, lakini Wajerumani waliokoa shehena kubwa, wakazikausha risasi zilizolowa maji ya bahari moja moja. Bunduki za jeshi la makoloni la Ujerumani hupatikana zikiwa na herufi K.S., yaani Kaiserliche Schutztruppe. Baadaye, Novemba 1917, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka mto Ruvuma, akaishinda ngome ya Wareno ya Ngomano na kuchukua bunduki zao. Aliposalimisha jeshi lake Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Askari wa Mjerumani walikuwa wamemaliza vita wakipigana kwa silaha za maadui zao.

Kwa hiyo chapa ya kiwanda haitoshi kumtambulisha askari. Bunduki iliyotengenezwa Enfield huenda ilibebwa kwanza na Myao wa KAR, kisha na Mnyamwezi wa Schutztruppe, kisha ikarudi. Kila aliyeibeba aliweza kuiachia kitu. Sheria ya jeshi ilikataza kuharibu mali ya serikali, na kuchonga kitako ni kuharibu. Hata hivyo askari wa nchi zote walichonga: herufi za jina, msalaba, mwezi mwandamo, mkato mmoja mmoja uliopangwa kama hesabu. Mikato hiyo watu hupenda kuiita idadi ya waliouawa. Mimi siikubali tafsiri hiyo bila ushahidi mwingine. Askari alikuwa na mengi ya kuhesabu: miezi ya mshahara ambao haujalipwa, safari, siku za kifungo.

Ninachokijali zaidi ni hiki. Serikali ilijua kila bunduki ilipo. Watu waliobeba bunduki, na hasa waliobeba mizigo, haikuwahesabu kwa uangalifu huo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Kati ya waliochukuliwa walikuwamo vijana wa Kigiriama. Baada ya vita mishahara mingi ya wafu haikulipwa kwa sababu hakuna aliyejua ampe nani. Iliamuliwa kwamba sanamu zitoshe, na mwishoni mwa miaka ya 1920 zikasimamishwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Sanamu zile ni nzuri. Bunduki, mikanda na mizigo imechongwa kwa uaminifu mkubwa. Hakuna jina hata moja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita vile, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri.

Namba zenyewe hazikuisha na vita. Kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na namba, ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Aliyerudi kutoka Ruvuma akiwa ameirudisha bunduki yake yenye namba, alipewa namba yake mwenyewe.

Ndiyo maana kipande cha bunduki kinachookotwa shambani kinastahili heshima. Anayekipata asikisugue kwa msasa wala kwa brashi ya waya. Kutu ikitolewa kwa nguvu huondoka na herufi. Udongo utolewe kwa brashi laini na kavu, kisha kipande kitazamwe chini ya mwanga unaotoka ubavuni, asubuhi au jioni, au kwa tochi iliyolazwa. Herufi zisizoonekana adhuhuri hujitokeza kwa vivuli vyake. Tazama shingo ya chuma inayoshika kitako, upande wa kulia: hapo pana taji na herufi za mfalme au malkia, VR, ER au GR, jina la kiwanda na mwaka. Linganisha namba ya mtutu na ya komeo. Zikitofautiana, bunduki iliunganishwa kutoka kwa nyingine zilizoharibika, na mwaka wa sehemu moja usichukuliwe kuwa mwaka wa zote. Andika kilipookotwa, kina chake, na kilichokuwa karibu nacho. Ganda moja peke yake ni ganda tu, lakini maganda yaliyopangana kwenye mstari juu ya kilima yanaonyesha askari walikolala na walikuwa wakielekeza bunduki wapi.

Hatua ya pili iko kwenye karatasi. Nyaraka za Taifa za Kenya, katika jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, Nairobi, zina taarifa za maofisa wa wilaya za pwani. Kew, London, kuna shajara za vita za batalioni katika fungu la WO 95 na barua za KAR katika fungu la CO 534. Medali za Vita Kuu walizopewa askari wa KAR zina namba, cheo na jina ukingoni. Familia yenye medali ya babu ndani ya sanduku ina jina ambalo sanamu ya Mombasa haina.

Kuhusu sheria, jambo ni wazi. Risasi ambayo haijapigwa isiguswe; aitwe polisi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inagusa hata vipande vya bunduki, kwa hiyo si vyema kuvirundika nyumbani. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya 1895, na vita vya Takaungu vimesimama juu ya mpaka huo wenyewe. Fort Jesus, ambako mizinga ya Königsberg na ya Pegasus imewekwa hadharani, ni makumbusho ya umma yenye wataalamu.

Ninawaomba wenzangu wa Bofa, Mnarani, Takaungu na vijiji vya Ugiriama: fundi wa msingi akifukua chuma chenye herufi, kabla hakijapelekwa kwenye mizani ya vyuma chakavu, kipigeni picha pande zote, andikeni mahali kilipotoka, mtoe taarifa kwa makumbusho. Na mwenye medali ya babu asiiuze kabla ya kunakili maneno ya ukingoni.